Nyonga Zisizouma

Kulwa Maduhu alichuchumaa katikati ya zahanati, visigino vyote viwili vimekanyaga sakafu, magoti yamemfika kifuani, akamtazama Daktari Subilaga kutoka huko chini.

“Haya niambie, Dokta. Mgonjwa anakaa hivi?”

“Hapa Mwezini hata tembo angechuchumaa,” alisema Subilaga. “Inuka.”

“Jana nimechuchumaa hivihivi kwenye chumba cha mzunguko. Uliza wenzangu.”

Subilaga hakuwa na haja ya kuuliza. Kila mchimbaji wa kambi ya Kivulini alilazimika kuingia katika chumba kile kila baada ya zamu. Kilizunguka kama pia mpaka mtu akabanwa ukutani na kurudishiwa uzito wake wote wa duniani, mifupa isije ikalegea. Kulwa alikuwa anafahamika mle ndani. Wengine walitembea kwa kuugulia, yeye alicheza ngoma ya bugobogobo, akirusha jembe la kuwazia hewani na kulidaka nyuma ya mgongo.

Aliinuka bila kushika kitu. Akalivuta goti la kulia mpaka begani, akaugeuza mguu ndani na nje, kisha akafanya vilevile kwa mguu wa kushoto.

“Nionyeshe panapotakiwa kuniuma,” alisema. “Huenda nimesahau.”

Subilaga alimgeuzia skrini. Mashine mpya, ambayo kambi nzima iliiita Jicho, ilikuwa imeiweka nyonga ya Kulwa pale kama kitu kilichochongwa kwa pembe ya ndovu. Kichwa cha mfupa wa paja kilikaa ndani ya tundu lake. Chini yake, pale ambapo shingo ya mfupa ilipaswa kubonyea, palikuwa pamevimba kidogo, na uvimbe ule ulikuwa umepakwa rangi nyekundu.

“Hiki ni kinundu,” alisema. “Ukikunja mguu sana kinagonga ukingo wa tundu. Kikigonga miaka mingi kinaweza kuchana utando wa pale, na gegedu, ule mto laini wa kiungo, likaanza kulika.”

“Kinaweza.”

“Ndiyo. Kinaweza.”

“Na kwa sababu kinaweza, siondoki na chombo kinachokuja kuturudisha nyumbani?”

“Ndivyo agizo la makao makuu linavyosema. Mwenye kinundu abaki chini ya uangalizi.”

“Mnaangalia nini?”

“Kama itaanza kuuma.”

“Na isipouma?”

Subilaga alilipitia agizo kichwani. Agizo halikusema lolote juu ya asiyeumwa kabisa.

Kulwa alivaa suruali yake polepole. Alipozungumza tena, utani ulikuwa umemtoka. “Kosango mwekundu. Mulamba mwekundu. Wote wa keekee la tatu la kuchimbia wekundu. Mpishi, safi. Karani, safi. Wewe ni mtu wa heshima, Dokta, sikutukani. Lakini nani amekutuma utuambie tunaumwa?”

Alitoka bila kungoja jibu. Na Subilaga, aliyekuwa amekwishaanza kujiuliza swali hilohilo kimoyomoyo, alibaki anaitazama ile rangi nyekundu.

*

Meneja wa kambi, Bwana Kalumuna, alikuja kwa sindano yake wakati wachimbaji wakiwa chini kwenye barafu. Ndivyo alivyopenda. Alilala ubavu, akauma meno, Subilaga akamchoma dawa ndani kabisa ya nyonga ya kushoto.

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Mwezini kila mtu alitembea kwa kudunda, na palipo na wadundaji wengi hakuna anayemtambua anayechechemea. Kalumuna alikuwa wa kwanza kupimwa na Jicho siku lilipofungwa. Picha yake ilitoka safi, mifupa ya mviringo mzuri kuliko yote ambayo Subilaga aliwahi kuiona. Hata hivyo mtu huyu hakuweza kukaa kitini kwa muda mrefu bila jasho kumtoka.

“Meneja, nina jambo,” alisema Subilaga akitupa sindano. “Karibu wachimbaji wote wametoka wekundu.”

“Kazi yao ni nzito.”

“Kinundu hakioti ukubwani. Huwa kinajengeka utotoni kwa michezo na kazi nzito, mifupa ikiwa bado inakua. Hawa walikuja nacho. Walipimwa duniani kabla ya kuletwa, wakaambiwa wazima. Kwa nini hakikuwa hatari wakati wa kuja, na sasa ni hatari wakati wa kurudi?”

Kalumuna alikaa, akashusha miguu taratibu. Alikuwa na sauti laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. “Walikuja na mifupa iliyozoea uzito. Sasa wamekaa hapa. Ukiwarudisha ghafla, mmoja akivunjikiwa nyonga pale kituoni, watakaoulizwa ni wewe na mimi. Daktari, unaweza kuniapia kwamba hakuna hata mmoja atakayeumia?”

“Siwezi kuapa hivyo kwa mtu yeyote.”

“Umeona?” Akatabasamu. Kisha, akiwa tayari ameshika mlango, akageuka. “Haya mambo yangu yanabaki humu, siyo?”

“Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.”

“Ahsante.” Akadunda kwenda zake, na ungemwona ungesema ni mtu mzima kama wengine.

*

Wazo la kumpima pacha wake, Doto, lilitoka kwa Kulwa mwenyewe. Alirudi zahanati akiwa ametulia zaidi, akasimama mlangoni.

“Dokta, mimi nina pacha. Tumetoka tumbo moja, tumekula ugali sufuria moja, tumecheza mpira uwanja mmoja kule Maswa tangu hatujaota meno ya ukubwani. Watu wanatuchanganya mpaka leo. Kama mimi ninacho hicho kinundu, na yeye si atakuwa nacho? Na yeye hajawahi kuja huku. Anabeba magunia ya pamba na kucheza ngoma. Mpime yeye.”

Walimpigia. Sauti ilichukua muda kidogo kushuka na kupanda, hivyo kila walipoongea walipishana.

“Shikamoo, daktari,” alisema Doto. Uso ulikuwa uleule wa Kulwa, umeungua zaidi na jua. “Huyo ndugu yangu amefanya nini?”

“Marahaba. Hajafanya kitu. Doto, nyonga zako zinakuuma?”

“Nyonga? Mimi?” Akacheka. “Labda mgongo, nikivuna.”

Alikwenda kupimwa hospitali ya wilaya, na picha ikamfikia Subilaga kesho yake. Aliiweka kando ya picha ya Kulwa. Uvimbe ulikuwa palepale. Wa Doto ulizidi kidogo.

Furaha ilimjia, kisha ikafuatiwa na kitu kingine ambacho kilimtia aibu. Alijiuliza kama picha ile kweli ilikuwa ya Doto. Kulwa alikuwa mtu mwerevu mwenye haja kubwa, na ilikuwa rahisi kuichukua picha yake mwenyewe, kuinyoosha hapa na pale, na kuiita ya pacha. Subilaga alimwita, akamuuliza kama nduguye aliwahi kuumia.

“Alianguka kwenye mkokoteni tukiwa watoto. Akavunjika paja la kulia.” Kulwa alimkazia macho. “Kumbe na wewe hutuamini.”

Subilaga alikuza picha. Kwenye paja la kulia palikuwa na mstari hafifu, mahali mfupa ulipoungana zamani. Akazima skrini asimtazame Kulwa usoni.

“Nisamehe,” alisema.

“Sawa tu, Dokta. Humu ndani siku hizi hata mimi sijui namwamini nani.”

Alipoondoka, Subilaga alikaa akiyakumbuka masomo yake. Mwalimu mmoja aliwahi kuwaambia wasikimbilie kuitibu picha. Watu wengi wana kinundu na hawajui. Wanalima, wanazaa, wanazeeka, wanakufa kwa mambo mengine kabisa. Wachache kinawaumiza. Na hakuna chombo kinachoweza kumtazama mtu asiyeumwa na kusema kwa hakika yeye ni wa kundi gani.

Kambi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye hajapimwa. Saa ya chakula, zahanati ikiwa tupu, Subilaga alifunga mlango, akavua suruali, akalala chini ya Jicho.

Nyekundu. Kulia na kushoto.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akakunja goti moja, kisha la pili, akisikiliza. Hakuna kilichouma. Akarudia tena na tena, kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyorudia ndivyo alivyozidi kutokuwa na uhakika wa alichokuwa anakisikia.

*

Kalumuna alimkuta kwenye ujia asubuhi iliyofuata.

“Chombo kikija, nafasi yako ipo,” alisema. “Najua mzee wako kule Tukuyu macho yanamwishia. Nenda akuone, binti yake, akiwa bado anaona.”

Subilaga alisimama. Hakuwa amemwambia mtu habari za baba yake isipokuwa katika simu zake za nyumbani.

“Meneja, mimi pia nilijipima jana.”

“Jicho hupeleka kila picha ofisini kwangu,” alisema Kalumuna kwa upole uleule. “Hiyo ya jana sikuiona. Na sina haja ya kuiona. Wewe endelea kuwaeleza wachimbaji vizuri, kwa lugha yao, wasipandishe hasira. Wanakuheshimu.”

Akadunda kwenda zake, na Subilaga akaegemea ukuta. Sasa alielewa. Akinyamaza, atakwenda kwao. Na akitaka kumshinda Meneja, silaha alikuwa nayo: nyonga safi inayouma kila siku, ya mtu mwenyewe anayewazuia wenye nyonga zisizouma. Sentensi moja tu bwalo likijaa, na Jicho lingekosa maana. Lakini sentensi hiyo haikuwa yake. Mtu alilala kitandani kwake, akamwamini. Akiitoa leo kwa sababu nzuri, kesho Mulamba au Kosango akija na aibu yake, atamwamini vipi daktari wake?

Alitembea na mawazo hayo zamu nzima. Mwishowe aliona kwamba kulikuwa na siri moja tu aliyokuwa na haki ya kuitoa.

*

Kesho yake bwalo lilijaa. Wachimbaji walikuwa wamesikia kwamba daktari ana neno, wakaja na vikombe vyao vya chai, nyuso zimekunjamana. Kalumuna aliketi meza ya mbele, mguu wa kushoto umekunjwa chini ya kiti.

Subilaga aliweka picha ukutani. Nyonga mbili, nyekundu zote.

“Mtu huyu hana maumivu,” alisema. “Hajawahi kuwa nayo. Mngempa ruhusa ya kwenda nyumbani?”

“Ya nani hiyo?” aliuliza Mulamba. “Ya Kulwa?”

“Yangu.”

Mulamba aliweka kikombe mezani.

“Nilijipima juzi. Kwa agizo lililopo, mimi ni wa kubaki pamoja nanyi. Niliambiwa naweza kwenda hata hivyo. Sasa nawaambia ninachokijua, na nisichokijua nitakisema pia. Hivi vinundu ni vya kweli. Jicho halidanganyi. Ila watu wengi duniani wanavyo na hawaumwi maisha yao yote. Pacha wa Kulwa anacho. Inawezekana mmoja wetu humu kitamletea shida. Simjui ni nani, na Jicho halimjui, na aliyeandika agizo hamjui. Kumweka mtu huku miaka kwa ajili ya kitu kama hicho siyo matibabu.”

Kalumuna alikohoa. “Daktari ametoa maoni yake. Makao makuu wana wataalamu—”

“Swali moja, Meneja,” alisema Kulwa. Alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alimgeukia Subilaga. “Dokta, tumesikia wapo wenye kinundu wasioumwa. Je, kinyume chake kipo? Humu kambini kuna mtu mwenye picha safi, na anaumwa?”

Subilaga aliitazama ile picha ukutani. Angeweza kusema hapana. Ungekuwa uongo, na wangeuamini. Angeweza kusema ndiyo.

“Swali hilo siwezi kulijibu,” alisema.

Alijua, maneno yakimtoka, kwamba tayari yalikuwa mengi mno. Watu walianza kutazamana. Mpishi alimtazama karani, karani akamtazama mpishi. Mtu mmoja akanong’ona jina. Mwingine akalikataa.

“Mkutano umekwisha,” alisema Kalumuna.

Hakuna aliyetoka. Na Kalumuna hakuinuka. Alikaa akipanga vikombe vilivyokuwa mbele yake, akiwangoja watangulie. Subilaga peke yake ndiye aliyejua kwa nini: kukaa ndiko kulikokuwa kunamuua mtu yule, na alikuwa amekaa tangu mwanzo. Watu nao wakamngoja meneja wao atangulie, kama ilivyo adabu. 

Mwishowe Kalumuna aliweka mikono yote miwili mezani, akajisukuma. Nyonga ikagoma. Alibaki ameinama nusu, mdomo wazi, uso umekuwa wa kijivu, na sauti ndogo ikamtoka ambayo hakukusudia kuitoa.

Subilaga alifika kabla ya mtu mwingine kusogea. Alimpa mkono. Kwa kitambo Kalumuna aliutazama mkono ule kwa chuki tupu, kisha akaushika.

*

“Hukusema,” alisema Kalumuna baadaye, akiwa amelala ubavu zahanati. “Lakini hukunifichia pia.”

“Sijui kama nilifanya sawa,” alisema Subilaga. “Nakuomba radhi kwa hilo.”

Kalumuna alishika ukingo wa kitanda mpaka dawa ilipoanza kufanya kazi. “Makao makuu walipunguza watu wa kuja kuchukua nafasi za hawa. Wakaniambia nibakize wachimbaji, kwa njia ya kistaarabu. Chombo kilekile kilichoniletea habari hiyo ndicho kilicholeta Jicho.”

“Nani aliyepanga hivyo?”

“Sikuuliza, Daktari. Niliona imetokea njia ambayo sihitaji kumdanganya mtu. Kinundu kweli kipo. Nikajiambia, mimi si nawalinda?” Alicheka kidogo, bila furaha. “Halafu najikokota kuja kwako kuchomwa sindano, na picha yangu safi kama yai.”

Jioni ile alitangaza kwa kipaza sauti. Mwenye mamlaka ya kuwapandisha watu chomboni ni yeye, na kila asiyeumwa angeamua mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari. Hakueleza sababu. Makao makuu walituma maneno makali, yeye akayajibu kwa sauti yake laini. Wengi kambini walimshukuru. Wengine walisema kuna kitu anataka, ngojeni mtaona.

Subilaga aliongea na kila mmoja. Kulwa alimkatiza kabla hajamaliza. “Dokta, mimi nakwenda kwetu. Kikiuma, kitaniuma nikiwa kwetu.”

Mulamba alikuwa wa mwisho. Alikaa mbele yake, akaweka kiganja kwenye kinena.

“Inaniuma,” alisema.

“Tangu lini?”

“Tangu uliponionyesha ile picha.” Hakuwa anatania. “Nikilala naiona. Nikitembea naisikia inagonga. Mimi nabaki, Dokta. Naogopa.”

Subilaga alimpima kwa mikono, akamkunja mguu, na Mulamba akalia kwa maumivu. Picha ilikuwa ileile ya mwanzo, haijabadilika hata kidogo. Subilaga hakuweza kujua kama kinundu kilikuwa kimeamka kweli, au kama ni yeye, kwa skrini yake na kidole chake, aliyempa ugonjwa mtu aliyekuwa mzima. Alimwachia daktari mpya aliyeshuka na chombo kilichokuja kuwachukua, akamwomba amwangalie huyu kuliko wote. Mulamba hakuja kuwaaga.

*

Duniani uzito uliwapokea wote kwa pamoja. Kulwa alitembea hatua chache kituoni akiwa ameshikwa na Doto, jasho likimtiririka, akitukana magoti, akicheka, na watu waliokuwa pale hawakujua yupi ametoka Mwezini mpaka mmoja wao alipoketi chini kwenye sakafu na kukataa kuinuka.

Subilaga alipewa muda wa kuzoea, kisha akapanda kwenda Tukuyu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alishukia barabarani, akaipanda njia ya nyumbani kati ya migomba, mguu baada ya mguu, akipumzika kila alipochoka.

Baba yake alikuwa ameketi barazani. Aligeuza kichwa muda mrefu kabla binti yake hajafika, akakiinamisha kidogo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Sogea.” Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaupeleka karibu kabisa na macho yake, akautazama kwa muda. Kisha akamwachia. “Nilikusikia tangu kule chini. Nikasema huyu ni Subi, halafu nikasema siye. Mwendo umebadilika.”

“Ni uzito tu, baba. Nimekaa huko muda mrefu.”

“Uzito naujua. Mtu aliyechoka anakanyaga, anatua. Wewe unakanyaga, unangoja. Kuna kitu kinakuuma?”

Subilaga alitaka kumjibu upesi, kama ambavyo watu walimjibu yeye. Alisimama pale barazani, akauegemeza mwili upande wa kulia, akasikiliza. Kisha wa kushoto.

“Hapana, baba,” alisema. “Hakuna.”

Mzee alinyoosha mkono, akashikwa, wakaingia ndani.